Ngano Zisizotaja Jinsi: Masuala ya Lugha kwa Kitabu Kinachosubiriwa

1.0 Utangulizi

Mwaka 2024 kilichapishwa nchini Uingereza kitabu cha Sacha Coward kiitwacho Queer as Folklore. Kitabu hicho kinachunguza visasili na ngano, hasa za Ulaya, ili kuonyesha kwamba viumbe wa ajabu kama nguva wamebeba kwa muda mrefu historia ya watu ambao mapenzi yao, au hali yao ya uume na uke, haikufuata kawaida ya jamii zao. Tangu hapo, katika mijadala ya wanafunzi wa uzamili wa fasihi simulizi, swali moja limekuwa likirudi: ni lini tutapata kitabu cha namna hiyo kuhusu Afrika Mashariki, na kitakuwa na sura gani?

Makala haya yananuia kueleza suala moja la kiisimu ambalo mwandishi wa kitabu hicho, awe nani awaye, hataweza kulikwepa. Lugha zetu za Kibantu hunyamaza kuhusu jinsi mahali ambapo lugha za Ulaya hulazimika kuitaja. Na hutaja jinsia kwa ukali mahali ambapo msomaji wa Ulaya hakuzoea kuitafuta. Katika mjadala huu jinsi ni hali ya mwili ya kuwa wa kike au wa kiume, na jinsia ni nafasi ambayo jamii humpa mtu, kwa kawaida kwa msingi wa hali hiyo.

Umuhimu wa suala hili unatokana na mabishano yaliyopo. Wapo wanaodai kwamba watu wa namna hii hawakuwahi kuwapo Afrika, na hoja yao kuu ni ya kimsamiati: kwamba hatuna neno lake. Wapo wengine ambao, wakimkuta katika ngano mhusika asiyetajwa jinsi, humtangaza mara moja kuwa ushahidi wa historia iliyofichwa. Pande zote mbili zinafanya kosa lile lile. Kila upande unaukuta ukimya wa lugha, kisha unaujaza kwa yale unayoyataka.

2.0 Kiambishi a- na Kazi ya Mfasiri

Kata ya Tingi ipo baina ya milima ya Umatengo na ufuko wa Ziwa Nyasa, katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Wilaya ya Mbinga mwaka 2012. Eneo hilo lote ni makutano ya lugha. Katika uainishaji wa Guthrie, Kimanda, Kingoni, Kimatengo na Kimpoto vinafuatana kama N11, N12, N13 na N14, na ufukoni husikika pia Kinyanja, ambacho ni N31.

Miaka kadhaa iliyopita mwandishi wa makala haya alikuwa Tingi pamoja na mwanafunzi wa uzamili, wakirekodi ngano ya Sungura na Fisi kutoka kwa bibi mmoja mwenyeji wa hapo. Mwanafunzi alipoifasiri ngano hiyo kwa Kiingereza, Sungura akawa mwanamume, na Fisi vivyo hivyo. Tuliporudi kwa bibi na kumwuliza kwa adabu kama Sungura wake alikuwa mume au mke, alitushangaa. Alitujibu kwamba yeye alitusimulia habari za Sungura, hakutusimulia habari za ndoa ya Sungura.

Jibu hilo lilituchekesha wakati ule, lakini lina uchambuzi mzuri wa sarufi ndani yake. Katika Kiswahili, kama ilivyo katika lugha nyingine za Kibantu, kiambishi nafsi a- hakibainishi jinsi. Yeye, -m-, -ake na -we (kama katika mwenzake na mwenziwe) havibainishi pia. Ngeli hutenganisha watu na vitu, wanyama na mimea, umoja na wingi. Hazitenganishi wa kike na wa kiume. Mtambaji anaweza kuitamba ngano tangu paukwa hadi mwisho wake bila kumpa mhusika jinsi, na hadhira isihisi kwamba kuna kilichopungua.

Mfasiri hana uhuru huo. Mwaka 1908 mmisionari wa Kibenediktini Johannes Häfliger alichapisha hurafa za Wamatengo kwa Kijerumani katika jarida la Anthropos. Katika Kijerumani sungura ni der Hase, nomino ya kiume, na fisi ni die Hyäne, nomino ya kike. Hurafa yoyote ya Sungura na Fisi ikiingia katika lugha hiyo, wahusika wake wawili hugawanywa na sarufi peke yake, mmoja akirejelewa kwa kiwakilishi cha kiume na mwenzake kwa cha kike. Msomaji asiyeijua lugha ya awali anaweza kudhani kwamba Wabantu wa kusini waliwaza ujanja kuwa wa kiume na ujinga kuwa wa kike, ilhali wazo hilo limezaliwa katika tafsiri.

Jambo hilo hilo linaweza kuchunguzwa katika Swahili Tales, mkusanyiko wa Edward Steere uliochapishwa London mwaka 1870, ambao una manufaa makubwa kwa sababu maandishi ya Kiswahili yamewekwa sambamba na tafsiri. Katika kisa cha Sultani Darai, paa mwerevu anamtoa maskini katika umaskini wake, anamposea binti wa sultani, kisha anasahauliwa na bwana aliyemtajirisha. Viambishi vya Kiswahili havitulazimishi kuamua kama paa yule ni dume au jike. Kila anayefasiri kisa hicho kwa Kiingereza hulazimika kuamua, na uamuzi wake hubadilisha namna tunavyousoma uhusiano wa paa na bwana wake: utumishi, urafiki au mapenzi.

Hata hivyo, lazima tujihadhari. Ukimya wa a- ni kanuni ya sarufi, nao unamhusu kila mhusika, awe sultani, ndege au mganga. Kwa kuwa unawahusu wote, hauwezi kuwa ushahidi wa hali ya pekee ya mmoja wao. Mtafiti anayejenga hoja yake juu ya a- pekee amejenga juu ya mchanga.

3.0 Mahali ambapo Lugha Hutaja Jinsia

Bibi wa Tingi alitaja ndoa, na hapo ndipo tunapopaswa kuelekea. Katika Kiswahili mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Nafsi haina jinsi, lakini kitenzi cha ndoa kinayo, na kinaionyesha kwa kauli: anayeoa ni mtenda, anayeolewa ni mtendwa. Kichewa, ambacho ni ndugu wa karibu wa Kinyanja cha ufukoni, kina mpango huo huo: mwanamume hukwatira, mwanamke hukwatiwa.

Kinachobainishwa na vitenzi hivi si mwili. Mwanamume anayehamia nyumbani kwa mkewe na kuishi kwa mali ya mkewe husemwa mitaani kwamba ameolewa. Ni dhihaka, lakini dhihaka hiyo haingeeleweka kama kitenzi kingekuwa kinataja maumbile. Kinataja nani ametoa mahari, nani amehamia kwa nani, na watoto watakuwa wa nyumba ipi.

Miongoni mwa Wakurya wa Mkoa wa Mara mfano huu si wa dhihaka. Katika desturi ya nyumba ntobhu, mwanamke mwenye umri mkubwa, hasa asiye na mtoto wa kiume, humtolea mahari mwanamke mwingine, na watoto wanaozaliwa na huyo wa pili huhesabiwa kuwa wa nyumba ya yule wa kwanza. Tunapoieleza desturi hii kwa Kiswahili hatuna budi kusema kwamba mwanamke ameoa. Kitenzi kinampokea kama mtenda bila kusitasita. Miongoni mwa Wanandi wa Kenya, Regina Oboler alieleza katika utafiti uliochapishwa mwaka 1980 kwamba mwanamke anayeoa hutangazwa na jamii yake kuwa ni mwanamume, ingawa utekelezaji wa kauli hiyo katika maisha ya kila siku haukuwa kamili. Desturi hizi zinahusu urithi, uzazi na mali, na watafiti wengi wameonya kwamba zisichukuliwe kuwa ni mapenzi ya jinsia moja. Onyo hilo ni la haki. Lakini haliondoi ukweli kwamba jamii hizi zilikuwa na utaratibu unaokubalika wa kumweka mtu wa kike katika nafasi ya kiume.

Istilahi za ukoo zinatupa ushahidi mwingine. Katika Kinyanja mjomba, yaani kaka wa mama, ni malume. Neno hili lina sehemu mbili: ma-, yaani mama, na -lume, shina ambalo katika Kiswahili lilidondosha l na kubaki -ume, na ambalo tunaliona pia katika dume. Kwa maana ya moja kwa moja, malume ni mama wa kiume. Hakuna Mnyanja anayedhani kwamba mjomba wake ana mwili wa kike. Neno linamweka mjomba upande wa mama na kumpa mamlaka ya upande huo.

Buganda inatoa mfano unaovuka mpaka huo kwa njia nyingine. Binti wa ukoo wa kifalme huitikiwa kwa neno ssebo, ambalo kwa kawaida huelekezwa kwa mwanamume mwenye kuheshimiwa. Sylvia Nannyonga-Tamusuza, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu ngoma ya baakisimba, ameonyesha kwamba katika mazingira ya kasri nasaba ya kifalme iliweza kuushinda mwili katika kuamua nani ahesabiwe kuwa wa kiume.

Mifano hii inaelekeza upande mmoja. Katika lugha hizi jinsia imewekwa katika kitenzi cha ndoa, katika jina la ukoo na katika namna ya kuitana. Yaani, imewekwa katika wajibu wa mtu kwa wenzake.

4.0 Maneno ya Pwani na Safari Zake

Tukiteremka pwani, hoja hiyo inapata kikwazo, na ni vema kikwazo hicho kikabiliwe waziwazi. Mwaka 1977 Unni Wikan alichapisha katika jarida la Man makala kuhusu watu wa Sohar, Oman, wanaoitwa khanith, akidai kwamba wao ni jinsia ya tatu kwa kuwa nafasi yao katika jamii haikuwa ya kiume wala ya kike. Mwaka uliofuata Gill Shepherd, aliyefanya utafiti Mombasa, alimpinga, na mwaka 1987 akaikuza hoja yake. Kwa maoni ya Shepherd, Waswahili wa Mombasa huuhesabu mwili kuliko mwenendo: mwanamume anayeitwa shoga hubaki mwanamume, na kinachoeleza maisha yake zaidi ni tabaka na ufadhili kuliko mabadiliko ya jinsia.

Ikiwa Shepherd ni sahihi, basi Mombasa haifanani na kasri la Buganda. Lakini msamiati wenyewe wa pwani haukubaliani na upande mmoja tu. Taarifa fupi ya Kijerumani kuhusu Unguja, iliyochapishwa mwaka 1899 katika Zeitschrift für Ethnologie na ambayo wataalamu huitaja ama kwa jina la Oskar Baumann ama la Michael Haberlandt, iliandika neno mke-si-mume. Muundo wa neno hilo ni sentensi kamili ya kukanusha: huyu ni mke, si mume. Hapo mwili haukupewa neno la mwisho. Taarifa hiyo ina kasoro nyingi, hasa kwa kuwa iliwapima Waunguja kwa nadharia za tiba za Ulaya ya wakati ule. Lakini neno liliandikwa, na kuwapo kwake mwaka 1899 kunatosha kuidhoofisha hoja ya "hatuna neno lake".

Maneno mengine yamesafiri kimaana. Hanithi limetoka katika shina lile lile la Kiarabu lililozaa khanith ya Oman, lakini katika Kiswahili maana yake inayojulikana zaidi ni mwanamume asiye na nguvu za kiume: neno lililotaja nafasi ya mtu katika jamii limekuja kutaja upungufu wa mwili wake. Huntha, ambalo pia ni la Kiarabu, limebaki kwa mtu mwenye maumbile ya kike na ya kiume, naye ametungiwa hukumu katika fikihi kwa sababu kulihitajika kujulikana arithi kwa fungu gani. Shoga ni jina ambalo wanawake marafiki huitana. Likahamia kwa mwanamume anayefuata mwenendo wa kike, na leo matumizi ya pili yamelifunika la kwanza kiasi kwamba vijana wengi wa bara hawalijui lile la asili. Deborah Amory, katika mkusanyiko wa Stephen Murray na Will Roscoe uliotoka mwaka 1998, aliyachambua maneno haya akionyesha kwamba hayalingani moja kwa moja na istilahi za Ulaya na Marekani.

Kwa hiyo kuwapo kwa neno hakuthibitishi kuwapo kwa dhana ya leo, na kukosekana kwa neno hakuthibitishi kukosekana kwa watu. Marc Epprecht, katika kitabu chake cha mwaka 2008, ameeleza jinsi wazo la Afrika isiyo na mapenzi ya jinsia moja lilivyojengwa kidogo kidogo na wanaethnografia, wamisionari na wanasiasa kwa kunukuliana. Kamusi na mikusanyiko ya ngano ilitengenezwa katika mazingira hayo hayo.

5.0 Kuvaa, Kupandwa na Kugeuka

Je, ngano zenyewe zina nini? Katika uainishaji wa kimataifa, mageuzi ya jinsi yana nafasi yake rasmi: katika faharasa ya motifu ya Stith Thompson yako chini ya D10, mwanamke anayejificha katika mavazi ya kiume yuko chini ya K1837, na kigano kizima cha mabadiliko ya jinsi ni aina ya 514. Motifu hizi si mali ya bara moja.

Msomaji wa Kiswahili amezikuta katika Alfu Lela Ulela. Bibi Budur anapopotewa na mumewe Qamar al-Zaman anavaa mavazi ya mumewe, anapewa ufalme, na anaozwa Hayat al-Nufus, binti wa mfalme. Kiarabu kinabainisha jinsi katika vitenzi na viwakilishi. Mtambaji wake hana budi kuchagua kila mara Budur asemwe kwa umbo la kike au la kiume. Kiswahili kinamvusha Budur kwa a- ile ile: alivaa, alitawala, alioa. Alama pekee inayobadilika ni kitenzi cha ndoa, na ni hapo hadhira husikia kwamba mpaka umevukwa. Hii ndiyo sababu ya kudai kwamba mchambuzi asikilize kauli za vitenzi kwa makini kuliko anavyotafuta viwakilishi.

Katika Kenya ya kati watoto wengi wameambiwa kwamba anayeuzunguka mti wa mugumo mara saba hubadilika jinsi. Masimulizi haya huchukuliwa kuwa mzaha wa kuwatisha watoto, lakini mugumo ni mti wa ibada kwa Wagikuyu, na si jambo dogo kwamba uwezo huo umewekwa hapo na si penginepo.

Unguja, ibada za pepo zinatoa mfano ulio hai zaidi. Kjersti Larsen, katika kitabu chake cha mwaka 2008, ameeleza jinsi pepo wa kiume anavyoweza kumpanda mwanamke, na wa kike kumpanda mwanamume, kila pepo akija na sauti, mavazi na matakwa yake. Anayepandwa huitwa kiti. Neno hilo la ngeli ya KI-VI linamweka mtu kando kwa muda, na anayesema mimi ni pepo. Ibada hiyo haimwambii mwanamke kwamba yeye ni mwanamume. Inaupa uume mahali pa kukaa kwa saa kadhaa, mbele ya watu wanaojua namna ya kuupokea na kuuaga.

6.0 Mapendekezo kwa Mtafiti

Kutokana na maelezo hayo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, ngano zisomwe katika lugha zilimotambwa, na kila kiwakilishi cha tafsiri kihesabiwe kuwa uamuzi wa mfasiri hadi itakapothibitishwa vinginevyo. Pili, utafiti uanzie katika vitenzi vya ndoa, istilahi za ukoo na namna za kuitana. Tatu, kila neno lipewe tarehe na mahali: shoga ya wanawake wa Mombasa na shoga ya magazeti ya leo ni maneno mawili yenye umbo moja.

La nne linahusu usalama. Nchini Tanzania kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kama kilivyorekebishwa mwaka 1998, kinaweka adhabu ya kifungo cha maisha, na kwa vyovyote kisichopungua miaka 30, kwa kujamiiana kunakoitwa kinyume cha maumbile. Uganda ilipitisha sheria kali zaidi mwaka 2023. Kifungu hicho cha Tanzania kinahusu matendo, hakihusu utambaji wa ngano. Lakini kijijini swali la mtafiti halisahauliki upesi. Mwanafunzi anayefika Tingi au Liuli na kumwuliza mzee kama zamani palikuwa na watu fulani amemtaka mzee huyo awataje jirani zake. Anayeuliza nani alioa, nani aliolewa na nani aliitwa malume atapata mengi zaidi, na ataondoka bila kumwacha mtu mashakani. Majina ya wasimulizi yasichapishwe pasipo ridhaa yao iliyo wazi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba swali la historia ya mapenzi na jinsia katika ngano zetu ni swali la sarufi kabla ya kuwa swali la wahusika. Kiambishi a- hakituthibitishii lolote kwa upande wowote. Ushahidi upo katika -oa na -olewa, katika malume na ssebo, katika mke-si-mume na kiti. Na ushahidi huo unaonyesha jamii zilizojua kutenganisha mwili na wajibu, kila moja kwa kiasi chake, na si zote kwa kiasi kimoja. Tofauti baina ya Mombasa ya Shepherd na Unguja ya mwaka 1899 bado inasubiri mtu wa kuifafanua.

Kitabu kinachosubiriwa hakitaandikwa na mtu mmoja aliyeketi maktabani. Kinahitaji wanafunzi wanaozungumza Kimatengo, Kimpoto na Kinyanja, watakaorekodi ngano wakati watambaji wake wangali hai, na watakaozifasiri bila kuwapa wahusika jinsi ambayo hawakupewa. Mwanafunzi wetu wa Tingi aliirudia tafsiri yake, akaliandika jina la Sungura kila mahali alipokuwa ameweka kiwakilishi. Kiingereza chake kikawa kizito kidogo. Ngano ikabaki ya bibi.